Pimamaji ya Verlin

Mume wangu Verlin Tveit ni fundi wa friji, pampu, majiko na mapaa ya nyumba za magurudumu, na kwa miaka kumi na tisa sisi wenyewe tumeishi ndani ya moja. Mbele kuna usukani, katikati jiko na meza, nyuma chumba cha kulala chenye mlango wa kusukuma. Tumboni mwake, pale wenzetu wanapoweka majembe ya bustani na mipira ya wajukuu, sisi tumejaza vipuri. Hatuna nyumba nyingine. Ile ya Minnesota tuliiuza mwaka ule theluji ilipovunja paa la gereji, Verlin akaapa hatashika tena sepetu ya theluji mpaka azikwe.

Simu ya kazi ninashika mimi, bisibisi anashika yeye. Mtu akipiga, namuuliza gari lake ni la mwaka gani, kuna harufu gani, taa ipi inawaka, na nusu ya magonjwa nayajua kabla Verlin hajavaa viatu. Baba yangu alikuwa na duka la kutengeneza friji. Nililelewa juu ya kaunta yake. Verlin nilipompata alikuwa dereva wa lori la maziwa na friji kwake ilikuwa kabati la baridi tu. Nilimfundisha mimi, bomba kwa bomba na waya kwa waya, majira mawili ya baridi mfululizo.

Lakini mteja humpenda fundi anayemwona. Tangu tuanze, hakuna hata mmoja aliyepiga simu akasema Mungu akubariki Arlys. Wote ni Mungu ambariki Verlin. Nami huwajibu ahsante, nitamfikishia salamu. Si zote nilizomfikishia.

Niseme mapema, nina wivu. Sikuupata uzeeni, nilizaliwa nao, na dada yangu atakuthibitishia. Kwa hiyo Lenore Beecham alipofika jangwani, tunakoegesha majira ya baridi, wiki ya kwanza ya Desemba, akilivuta peke yake tela refu kutoka Oregon, mjane wa mwaka mmoja, msuko wa mvi umemfika kiunoni, nilimstahi siku moja. Siku ya pili alipiga simu kusema friji yake haipoi.

Alikuwa ameegesha ukingoni mwa korongo, kwenye mteremko, kwa sababu ya mandhari. Friji zetu za gesi hazina mota. Dawa iliyomo kwenye mabomba inapanda kwa moto na kuteremka kwa uzito wake yenyewe, na gari likiinama, inakwama njiani. Ndiyo maana kila mtu huku akifika mahali, kabla ya kutoa kiti, anaweka pimamaji sakafuni na kuangalia kipovu kama kiko katikati. Kisipokuwa katikati, anatia vipande vya mbao chini ya gurudumu. Hata watoto wa wageni wanalijua hilo. Nilimwambia Verlin kabla hajapanda baiskeli yake ya magurudumu matatu: pale ni mteremko, anza na pimamaji.

Alirudi baada ya saa mbili na mikate minne ya mdalasini.

Nikamuuliza kama amepima. Akasema amepima, tela limekaa sawa, amesafisha kichomeo cha gesi. Siku tatu baadaye Lenore akapiga tena. Verlin akaenda, akapima, akabadilisha waya. Akarudi na mikate. Mara ya tatu yule mama hakutaja hata friji. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa jirani, "Verlin yupo?"

Sasa mtu mwenye wivu hana shida ya ushahidi, ushahidi humfuata mwenyewe. Kwanza, kila tarehe kumi Januari sisi huhama kwenda kusini, karibu na Yuma, ambako wateja wa zamani wanatusubiri. Mwaka huu Verlin akasema tukae kwanza, huku kumetulia. Kumetulia nini, nikawaza, au kuna mkate. Pili, alianza kutumia muda mrefu kwenye kazi ndogo. Tatu, na hili ndilo lililoninyima usingizi, aliacha kunitazama usoni. Nikisema naye mezani, macho yake yanakwenda sikioni kwangu. Nikisogeza kichwa yanasogea, lakini yanabaki kwenye sikio. Nilijua maana yake. Baba yangu alikuwa akisema mtu mwenye siri hukutazama popote isipokuwa machoni. Nikaanza kupekua mashati yake nikitafuta unywele mrefu wa mvi. Nilipata mmoja, nikakaa nao kutwa, kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nina mvi.

Kwenye viti vya saa kumi, pale majirani tunapokutana kila alasiri, kila mtu na kinywaji chake, Lenore alikaa upande wa pili wa Verlin. Orville Pruitt, jirani yetu mwenye mbwa wawili, akamtania kwamba friji yake inaumwa kuliko mwenyewe. Watu wakacheka. Lenore naye akacheka, akamshika Verlin mkono akasema fundi wake ana subira ya malaika. Nilimeza bia yangu kama dawa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa mbili asubuhi Verlin alikwenda kwa Lenore kwa mara ya nne, akaniambia robo saa tu. Saa tatu mke wa Orville alinichukua kwa gari lake tukaenda mjini kufua. Tuliporudi saa tano, nikilitazama korongo, nikaiona baiskeli ya magurudumu matatu imesimama mbele ya tela la Lenore. Na mapazia ya dirisha kubwa yamefungwa.

Sikwenda kugonga. Wanaogonga ni wale ambao bado wana swali.

Niliingia ndani, nikakuta mlango wa chumba cha kulala umefungwa, na huwa nauacha hivyo kwa sababu kitanda sikitandiki. Nikatupa mfuko wa nguo kwenye kochi. Nikakunja ngazi, nikatoa vizuizi vya magurudumu, nikakusanya mkeka na kiti changu. Kiti cha Verlin nilikiacha palepale kwenye changarawe, kimeelekea korongoni. Nikasema akae hapo atazame. Kisha nikakaa kwenye usukani, kiti ambacho kwa miaka kumi na tisa nilikikalia viwanjani tu, kwa kujifunza, na nikaondoka na nyumba, jiko, vipuri, simu na soksi zake zote.

Lipo jambo moja sikulifanya. Mtu wa maisha haya haondoki kabla hajalizunguka gari. Kwetu ilikuwa hivi: mmoja amekaa kwenye usukani, mwingine anazunguka, anaangalia ngazi, turubai, antena, halafu anapiga makofi mawili nyuma ya gari, pa, pa, maana yake nenda. Siku ile sikuwa na mtu wa kupiga kofi.

Nikaifikia barabara kuu. Malori yakinipita, nyumba nzima inayumba na vikombe vinalia kabatini. Juu ya paa upepo ulikuwa unapiga mluzi ambao sikuujua, nami sikuwa na nafasi ya kuujali, kwa kuwa nilikuwa nasema. Nilisema kwa sauti, na kioo cha mbele ndicho kilichonisikiliza. Nilianzia kwenye lori la maziwa. Nikasema Verlin Tveit, bila mimi leo ungekuwa unapiga honi kwenye mashamba ya ng'ombe. Nikasema ninajua pampu yako inavyopumua na goti lako linavyolia, na wewe hujui hata kwamba sipendi mdalasini. Nikasema habari za salamu nilizozificha, zote, kwa majina ya waliozituma. Nikasema sikuogopa uzee wala kufa porini, nilichoogopa maisha yangu yote ni siku ambayo utakuwa na neno la kusema ukampelekea mtu mwingine. Nikasema heri ningekuwa mjane, mjane angalau hupikiwa. Hapo nikalia kidogo, nikapangusa macho kwa soksi yake.

Mafuta yalikuwa karibu kwisha. Nikaona kituo, nikakata kona pana nikaingia, paa la kituo likanijia juu ya kioo.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, sauti ikasema taratibu, "Mama, antena."

Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Kabati likafunguka, sahani tatu zikashuka. Gari lilisimama pua ikiwa chini ya ukingo wa paa. Nikavuta breki ya mkono, nikaenda nyuma nikausukuma mlango. Verlin alikuwa amelala chali juu ya kitanda, na viatu vyake, mikono kifuani, kama maiti iliyovalishwa ovaroli.

Nikamuuliza yuko pale tangu lini.

"Tangu kabla hujaondoka. Mgongo umekaza nilipoinama chini ya tela. Lenore alinileta kwa kigari chake cha umeme."

"Lenore kakuingiza chumbani kwangu?"

"Kaishia mlangoni. Kitandani nimetambaa mwenyewe, nikameza vidonge nikalala."

"Na kwa nini hukusema kitu?"

"Niliamka umefika kwenye lori la maziwa," akasema. "Nikaona si vizuri kukukatiza."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nyuma yetu lori lilipiga honi. Sikujali. Wiki zote zile nilizokuwa na maneno, sasa nilibaki na moja tu.

"Nitazame usoni, Verlin."

"Nakutazama."

"Unatazama sikio."

Lori likapiga honi tena. Kisha akasema, "Nikitazama uso, uso haupo. Katikati pana doa. Nikitazama sikio ndiyo nakuona."

Nikauliza tangu lini. Akasema lilianza kidogo mwaka juzi, mwaka huu limekua. Nikakumbuka Oktoba, safari ya kuja jangwani, jinsi alivyonifanya nimsomee kila kibao cha barabara kana kwamba ni mchezo wa kupoteza muda. Alikuwa ameiendesha nyumba yetu maili elfu mbili kwa kufuata mstari mweupe wa pembeni. Nikakumbuka vipuri, kila mara akinipa nisome namba, akisingizia taa hafifu. Na pimamaji. Alipima tela la Lenore mara tatu, na mara zote tatu kile kipovu alikisia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya funguo siku ileile, na ungefanya vyema. Nilitaka msimu mmoja tu zaidi. Halafu ni wewe uliyenifundisha. Niliona aibu nije nikwambie nimeshindwa na kipovu."

Nilitaka kumkumbatia, na ningemkumbatia, ila wivu una pua, ulinusa kwamba bado kuna kitu. Nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Lenore."

Alinieleza yote pale kitandani. Asubuhi ile Lenore alisimama nyuma yake akakitazama kipovu, akasema mbona kimebanana kwenye ncha. Kisha akamuuliza, kwa upole, doa ni la jicho moja au yote mawili. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa huohuo. Verlin akamwambia kila kitu, akamwomba asimwambie mtu, halafu akainama chini ya tela kwenda kutia mbao ili apate pa kuficha uso, na mgongo ukamkamata hapohapo.

Mnaona basi. Niliyokuwa nikiyaonea wivu hayakuwepo, na nilipaswa kushukuru. Lakini lilikuwepo jingine, na lilikuwa baya zaidi. Mwanamke aliyemfahamu kwa wiki sita alimtazama macho akaona. Mimi nililala naye miaka arobaini na moja, na nilichokuwa nakipekua ni kola za mashati. Sikuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Nikaiteremsha antena kwa mpini wake, nikarudisha gari nyuma hatua kwa hatua, dereva wa lori akinielekeza kwa mikono na kwa matusi. Nikatia mafuta kwenye pampu ya nje. Njia nzima ya kurudi Verlin alisema mara moja tu, tulipokuwa karibu kufika.

"Mjane hupikiwa, eh?"

"Lala huko," nikamwambia.

Mahali petu palikuwa vilevile, hakuna aliyepagusa. Huku kwetu ukiacha kiti, maana yake unarudi, na hata mlevi hataegesha hapo. Orville alikuwa ameweka jiwe juu ya kiti cha Verlin kisipeperushwe na upepo. Akasema walipokiona walijua tumekwenda Yuma kununua kipuri. Nikamwambia ndiyo, kipuri.

Kesho yake asubuhi nilichukua pimamaji, jeki na mbao mbili nikaenda mwenyewe kwa Lenore. Mapazia yalikuwa yamefungwa tena, na safari hii niliona kwamba dirisha lile linapigwa na jua la asubuhi, kama langu, ambalo nami nalifungia mapazia kila siku. Nikaweka pimamaji sakafuni mwake. Kipovu kilikuwa kimebanana kwenye ncha. Nikapiga jeki, nikasukuma mbao, nikateremsha, nikapima tena, kikaja katikati kikatulia. Nikamwambia angoje mpaka jioni.

Yeye alisimama pale akinitazama mikono. Akasema, "Verlin amekufundisha vizuri."

Nilikuwa na spana mkononi, na Mungu aliniona. Nikasema ndiyo, ana subira ya malaika.

Labda alihisi kitu, kwa sababu alinifuata mpaka nje. Alisema mumewe Howard alimficha miaka mitatu, akaja kujua siku alipogonga ukuta wa benki kwa gari. "Wewe umejua mapema," akasema. "Mimi ningetoa chochote kujua mapema." Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumchukia mpaka mwisho wa msimu, na mwanamke yule akanikatalia hata hilo. Akanipa mikate minne ya mdalasini. Niliila yote njiani, Verlin hakuona hata chembe.

Siku hizi bisibisi ninashika mimi, simu anashika yeye. Anajua kuchekesha watu kwenye simu kuliko nilivyowahi, na wanawake wa Yuma wanampigia hata pampu zikiwa nzima. Ninapokuwa chini ya sinki la mtu namsikia akicheka kwenye kigari cha umeme tulichonunua, na ninakaza nati kuliko inavyotakiwa. Watu humwambia Mungu ambariki Arlys. Anasema ananifikishia zote. Sijui.

Daktari wa macho alisema dawa itapunguza mwendo, haitarudisha kilichokwenda. Tulipotoka pale nilimwekea Verlin sharti moja tu. Nilimwambia jicho likipungua, hata kidogo, wa kwanza kujua ni mimi. Asimtangulize daktari, Orville wala Lenore. Akasema sawa, Mama. Nikarudia, mimi kwanza. Akasema amesikia.

Mwishoni mwa Machi tulikuwa tunahama kuelekea kaskazini. Nilikuwa kwenye usukani, injini inanguruma, yeye analizunguka gari kwa kulipapasa kwa kiganja, kama afanyavyo siku hizi, ngazi, turubai, kamba ya antena. Nikangoja makofi mawili. Hayakuja. Badala yake akatokea dirishani kwangu, akainua uso, akautafuta wangu kwa muda, akipeleka macho huku na huku.

"Mama," akasema, "leo sikio nalo limeanza kufifia."

Nikamuuliza amemwambia nani.

"Nimwambie nani? Nimeamka sasa hivi."

Nikaunyoosha mkono dirishani nikamshika shavu. Nilijua alichoniambia ni nini, na nilijua kinakwenda wapi. Machozi yalikuja, lakini baadaye, tukiwa barabarani. Kilichotangulia kilikuwa furaha, Mungu anisamehe. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Akaenda nyuma, akapiga mara mbili.